Mama wa miaka 58 abebe riwaya ya kusisimua: msomaji atamwamini?

Mwanzisha mada, Goma
Ndugu zangu, nipeni maoni. Naandika riwaya ya kusisimua ya hapa kwetu. Shujaa ni mama mjane wa miaka 58, muuza sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, karibu na Petite Barrière, kituo cha mpaka wa Kongo na Rwanda. Daftari lake la madeni linaonyesha kwamba tajiri mmoja mwenye baa alikopa beseni mbili siku ambayo anaapa hakuwa mjini. Watu wa tajiri wanaanza kumtafuta mama. Rafiki aliyesoma sura za mwanzo anasema nimpunguze umri hadi 30, eti hakuna atakayemfuata bibi kurasa 200. Nakataa. Tazama mashujaa wa riwaya zetu za Kiswahili: Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, Willy Gamba wa Elvis Musiba, Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Wote wanaume. Huyu wangu nataka ajiokoe mwenyewe. Mnasemaje?

Msomaji, Katindo
Rafiki yako ana hoja. Riwaya ya aina hiyo inataka mbio: kuruka ukuta, pikipiki usiku, boti. Mama wa umri huo ana magoti na presha. Ukimrusha ukuta nitafunga kitabu, usipomrusha nitasinzia.

Msomaji, Himbi
Magoti? Volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku chache baadaye tukaamriwa kuhama, barabara ya Sake ilijaa mama za umri huohuo, mjukuu mgongoni, godoro kichwani, kilomita 25 hivi. Vijana ndio walikuwa wanaomba lifti.

Halafu nani kasema hatari lazima ikimbiwe? Mama wa mpakani akifika asubuhi anajua motari (dereva wa pikipiki ya abiria) yupi ni mgeni, nani kanunua viatu vipya ghafla, nani anauliza bei bila kuwaangalia samaki. Hela yake kaifunga kwenye pindo la kitenge cha ndani. Cha nje ni cha kumpotezea mwizi muda. Tena yuko hatarini kuliko binti yeyote. Binti wa miaka 30 atapanda boti ya Bukavu apotee. Huyu ana wajukuu, ana wenzake wa likelemba, wale wanaochangishana pesa kwa zamu, wote wa kutishiwa. Nyumba atamwachia nani?

Msomaji, Bukavu
Mimi umri haunisumbui, inanisumbua hiyo hatari yenyewe. Daktari Mukwege, anayetibu wanawake waliobakwa vitani huku kwetu, alipopewa Nobel mwaka 2018 dunia ilisikia yaliyowapata mama zetu, na ilikuwa haki isikie. Ila sasa mtu akiandika habari za Kivu, lazima atafute ukurasa wa mama anayedhalilishwa, eti ndio uhalisia. Ukiiweka sura hiyo ili kusisimua watu, kitabu chako usiniletee. Mtishie kwa daftari, inatosha.

Mwanzisha mada
Dada yangu, sura hiyo haimo wala haitaingia. Kisa chote kiko kwenye daftari: alichome, aliuze, au alipeleke kwa mwanasheria?

Mchuuzi, Birere
Samaki nimeuza muda mrefu, naomba nikurekebishe. Mama mjanja haandiki jina la mdeni. Anaandika "mrefu wa Mapendo" au "baba mapacha", na mwenyewe tu ndiye anayejua ni nani. Wakiliiba daftari hawataambulia kitu, na mwanasheria naye hataambulia kitu. Wote watamhitaji mama, tena akiwa hai. Na beseni mbili kwa baa ni kidogo, weka nne.