HUYU BWANA WA SEVA KATUPA MEGABAITI MBILI KILA MTU, NA BADO ANATUCHEKA

Baridi_ya_Uyole:
Wakuu, salamu baadaye. Sitaji jina wala chuo, Mbeya nzima inamjua, yule mwenye rundo la funguo kiunoni kama bwana jela. Leo asubuhi kaamka kaweka mgao wa diski kwenye seva ya maabara. Mgao sikatai, diski ni moja na watu wote tumo humo humo kwenye /home, folda la mafaili ya watumiaji. Lakini 2048, jamani. 2048!

Amri yenyewe kaiacha wazi kwenye skrini, kaenda kunywa chai:

`setquota -u jina 2048 2048 0 0 /home`

Yeye kichwani mwake hizo ni megabaiti. Setquota ukiipa namba tupu inahesabu bloku za kilobaiti 1. Kwa hiyo 2048 ni megabaiti 2. Mbili! Picha moja ya simu haiingii. Ukifungua Firefox, kabla ukurasa haujamaliza kufunguka mgao umeshaliwa na `.cache`, folda la vitu vya muda vya programu. Kama alitaka GB 2 angeandika 2097152, au angeandika tu 2G, amri inaipokea hiyo herufi bila ugomvi. Hata hakusoma `man setquota`, kaandika 2048.

Halafu tazameni, namba ya kwanza na ya pili zinalingana. Ya kwanza ni kikomo laini: ukikivuka unapewa muda wa kujipanga, kwa kawaida siku 7. Ya pili ni kikomo kigumu, hapo ni ukuta. Ukizilinganisha umefuta siku zote za msamaha, mtu anagonga ukuta bila hata kupigiwa honi.

Sasa ubaya wenyewe ni huu. Mtu mwenye GB 3 tayari, mgao haumfutii kitu, vya zamani vinabaki ila kipya hakiandikiki. Ukihifadhi kwa nano, ile programu ya kuandikia, inalikata kwanza faili la zamani liwe tupu, kisha ndiyo iandike upya. Kukata kunakubaliwa, kuandika kunagoma. `ls -l sura4.tex` inakuonyesha baiti 0. Sura nzima ya tasnifu, baiti SIFURI!

Anaitwa aje aone. Anaingia kama ruti, akaunti kuu ya msimamizi, anaunda faili ndani ya /home, linaandikika, anageuka: "Mbona inafanya kazi?" Ruti haina mgao, mzee! Ruti inapita kikomo chochote! Halafu akaondoka na funguo zake kwa neno moja tu: "Punguzeni muvi."

Baiti sifuri, halafu punguzeni muvi. 2048!!!

Viazi_Mviringo:
Pole mkuu. Kalamu na karatasi hazina kikomo laini wala kigumu.

Nyalukolo_wa_Kihesa:
Kamwene wakuu. Matusi yasubiri kidogo. Kama kuna ambaye faili lake bado liko wazi kwenye skrini, ASIFUNGE DIRISHA. Mgao huwekwa kwa kila mfumo wa mafaili peke yake, hauifuati seva nzima. Piga `df /home /tmp`. Ukiona vifaa viwili tofauti, hifadhi nakala kwenye /tmp, folda la vitu vya muda, halafu ihamishie kwenye flashi leo hii, maana seva nyingi zikiwashwa upya /tmp inafagiliwa. Ukiona kifaa ni kimoja, nenda moja kwa moja kwenye flashi.

Wale ambao skrini ya kuingilia inapokea nywila kisha inawarudisha pale pale, nywila haina kosa. Kuna vifaili vidogo vinavyotakiwa kuandikwa nyumbani kwako mtu anapoingia, sasa havina pa kukaa. Bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa maandishi, `rm -rf ~/.cache/*`, toka. Hiyo itakusaidia mgao ukiwa wa maana. Kwa megabaiti 2, hata ukifuta na sala zako hauingii.

Baridi_ya_Uyole:
Ahsante mkuu, lakini sura4 ni baiti 0. ZERO. Na mtu anasema muvi!

Bibi_Maparachichi:
Kuhusu muvi, naomba nisimame upande wa mwenye funguo kidogo tu. Nyie mkiambiwa mfute mnapiga `du -sh *`, mnaona megabaiti 300, mnaapa. Hiyo nyota haioni mafolda yanayoanza na nukta. Pigeni hivi:

`du -xh -d1 ~ | sort -h`

Mtaona `.cache` na `.local` zimekaa chini ya orodha, juu tu ya mstari wa jumla, ndizo nzito kuliko zote. Mnachofuta kwa panya kinakwenda `~/.local/share/Trash`, na bado mnahesabiwa. Halafu mgao unafuata mmiliki wa faili, haujali folda. Zile season za Kikorea ulizomwekea mwenzako kwenye folda lake zimeandikwa jina lako. `find /home -xdev -user $USER -size +50M` utajikuta.

Viazi_Mviringo:
Bibi kawamaliza 😂😂 Mleta uzi hebu piga hiyo find utuwekee majibu hapa.

Baridi_ya_Uyole:
Hata kama mtu ana season nzima ya Kikorea, ndiyo apewe 2048??

Ndizi_za_Tukuyu:
Nyie mna raha. Sisi wetu kaacha bloku bila kikomo, kaweka inodi 5000. Inodi ni idadi ya mafaili, ukubwa haujalishi. Weka mazingira ya Python yenye maktaba za pandas na wenzake, mafaili yanapita hapo kwa mbali. Diski ina nafasi tele, df inakuonyesha nafasi, na bado unaambiwa mgao umeisha! Watu wanafuta video mpaka wanamaliza, hakuna kinachobadilika, maana video ya GB 1 ni inodi moja tu. Kuona nani mlaji ni `du --inodes -d1 ~ | sort -n`. Na wetu ukimwambia inodi anakuuliza ndiyo programu gani hiyo.

Kande_za_Njombe:
Afadhali wenu wanaweka namba. Huku umeme ukikatika mvua ikipiga, mashine inazima vibaya, ikiwaka hesabu za mgao ni za uongo. Mtu ana MB 200, `quota -s` inamwambia GB 4. Wanatumia ule mtindo wa zamani, `usrquota` peke yake kwenye fstab (orodha ya diski za kupandishwa mashine ikiwaka) na faili la aquota.user linalotunza hesabu. Ingewekwa `usrjquota=aquota.user,jqfmt=vfsv1` hesabu zingekwenda pamoja na jarida la ext4, ile kumbukumbu ya mabadiliko ya mfumo wa mafaili. Au `tune2fs -O quota` diski ikiwa imeshushwa (unmount), mgao ukae ndani ya mfumo wenyewe. Yeye anakimbilia quotacheck, amri ya kuhesabu mgao upya, watu wakiwa ndani wanaandika, hajazima mgao hata kwa `quotaoff`! Hesabu inatoka mbovu kuliko ya mwanzo, halafu anasema "mfumo umekubali".

Nyalukolo_wa_Kihesa:
Kande, na akiwa na XFS, mfumo mwingine wa mafaili, usimwache ajaribu `mount -o remount,uquota`. Haiwashi mgao. Ni kushusha /home na kupandisha upya.

Kwa mwenye funguo, maana najua anasoma uzi huu kimya kimya. Rekebisha mtumiaji mmoja wa mfano, wengine wakopie kwake:

`setquota -u mfano 2097152 2621440 0 0 /home`
`edquota -p mfano jina`
`setquota -u -t 604800 604800 /home`

Hapo laini ni GB 2, kigumu GB 2.5, msamaha siku 7 kwa sekunde. Kisha `repquota -s /home`. Ukiona `+-` mbele ya jina, huyo kapita upande wa bloku. Ukiona `--`, yuko salama. Sasa hivi nadhani orodha yako nzima ni `+-` tupu. Na ujaribu kwa akaunti ya kawaida, siyo ruti.

Viazi_Mviringo:
Uzi umegeuka darasa, na ada hatujalipa.

Mzee_wa_Mafiati:
Mkuu hapo juu kasema flashi. Msiende na flashi kwenye steshenari za hapa! Unatoka na folda zote zimegeuka njia za mkato, ukibofya ndiyo unakisambaza kirusi kwenye mashine yako. Vitu vyako havijafutika, vimefichwa tu. Kwenye Windows fungua cmd, kama flashi ni E andika:

`attrib -h -r -s /s /d E:\*.*`

Vitarudi. Zile njia za mkato futa, na ukikuta faili la .vbs usilolijua futa nalo.

Baridi_ya_Uyole:
Jamani turudi kwenye mada. 2048.

Ndizi_za_Tukuyu:
Mzee wa Mafiati, steshenari ipi safi? Kuna mtu ana fomu ya kuchapa kesho.

Kande_za_Njombe:
Tuma PDF kwa simu, achana na flashi zao. Halafu zile flashi za "GB 512" zinazopangwa kwenye meza sokoni, msinunue. Ndani ni GB 8 imebandikwa uongo. Inapokea kila kitu vizuri tu, ikifika GB 8 inaanza kuandika juu ya vya zamani bila kukwambia.

Bibi_Maparachichi:
Kande unaijuaje kabla haijakula vitu?

Kande_za_Njombe:
Usipoteze muda kwa kuitazama, jina na uzito vyote vya kuigiza. Ukiwa na Linux weka f3. `f3write` kwenye folda la flashi inaijaza mpaka mwisho, `f3read` inasoma na kukwambia kilichoharibika ni kiasi gani. Kwenye Windows ni H2testw. Inachukua muda mrefu, iache usiku.

Mzee_wa_Mafiati:
Na memori kadi za simu?

Kande_za_Njombe:
Hizo ndiyo mbaya zaidi. Pima kwa njia ile ile, na risiti usitupe.