Kesi iliondolewa mahakamani, kwenye mfumo wa polisi bado "nina shauri". Jina linasafishwa na nani?

Wakuu, nivumilieni, huu uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira.

Nilikuwa mtunza stoo kwenye kampuni moja ya kusambaza bidhaa hapa Dar. Mzigo ukaonekana umepungua, bosi akapiga simu kituoni, jioni ile tukalala ndani: mimi, dereva na makuli wawili. Shtaka wizi wa mtumishi, kifungu cha 271 cha Kanuni ya Adhabu. Hapo stoo yenyewe haijahesabiwa upya wala kitabu cha kutolea mzigo hakijafunguliwa. Yaani unakamatwa kwanza, ushahidi utatafutwa mbele ya safari.

Dhamana nilipata, wadhamini wawili wenye barua za serikali ya mtaa. Baada ya hapo ikaanza ile ngoma ambayo kila aliyewahi kukanyaga mahakamani anaijua. Unafika saa mbili asubuhi, unakaa kwenye benchi na wenzako waliovaa mashati ya Jumapili, karandinga linashusha mahabusu, mnasubiri. Hakimu anaingia, jina linasomwa, mwendesha mashtaka anasimama: "Mheshimiwa, shauri limekuja kwa kutajwa, upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine." Anakaa. Dakika moja haijaisha. Siku nyingine hakimu yuko mafunzoni, karani anatoka na kalamu mkononi kuwagawia tarehe hapo hapo koridoni.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ilikuwa na kifungu chake cha 225 kwa ajili ya mchezo huu: mahirisho ya siku 60, wakitaka zaidi Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa alete hati yenye sababu. Nilimuuliza wakili wa mshtakiwa mwenzangu kama hati ililetwa. Alicheka tu.

Mwishowe upande wa mashtaka wenyewe ukaomba kuliondoa shauri chini ya kifungu cha 98(a), kwa namba za wakati ule. Kwa wasiojua, hiyo inatumika kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, na haimzuii mwendesha mashtaka kukurudisha tena kwa jambo lile lile. Sikushinda kesi. Hakuna aliyesema sina hatia, na hakuna shahidi hata mmoja aliyepanda kizimbani kusema nimeiba. Kazi nilishapoteza, na bosi aliniambia kwa simu tusitafutane.

Miaka imepita. Nimepata mpango wa kazi ya udereva Qatar, wanataka cheti cha tabia njema. Nikaomba, nikalipia control number (namba ya malipo ya serikali), nikaenda kuchukuliwa alama za vidole, vidole kumi vyote vya wino. Nikarudi kuchukua cheti changu. Afande akatazama kompyuta, akanitazama mimi, akageuza kioo nione: jina langu, namba ya jalada, na mbele yake limeandikwa shauri liko mahakamani. "Kijana, wewe una kesi."

Nikamwambia iliondolewa. Akasema lete uthibitisho.

Haya. Masjala ya mahakama, dada mmoja mstaarabu (namsifu, ni mtu pekee katika stori hii aliyefanya kazi yake) akaniambia, "Kaka yangu, majalada ya mwaka huo yameshapelekwa stoo, andika barua kwa Hakimu Mfawidhi." Nikaandika. Nikasubiri. Jalada likapatikana limefungwa kwa uzi wa katani, ukurasa wa mwisho una mistari miwili ya mwandiko wa hakimu: shauri limeondolewa, mshtakiwa anaachiwa. Wakaichapa, wakagonga mhuri. Nilitoka pale nikijiona bilionea.

Kwenye ofisi ya polisi ya alama za vidole karatasi ile ikasomwa, ikarudishwa kaunta. Haitoshi. Wanataka barua ya kituo kilichofungua jalada, ipitie kwa RCO, yaani Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa. Kituoni mpelelezi wangu alishahamishiwa mkoa mwingine, na jalada la polisi eti liko ofisi ya mashtaka. Ofisi ya mashtaka wakasema hawaandikii raia, polisi ndio waliombe. Nikarudi polisi, nikaambiwa OC CID (mkuu wa upelelezi wa wilaya) yuko kwenye kikao, njoo kesho. Kesho yake pia alikuwa kwenye kikao.

Na nje ya geti kuna jamaa anayejua kila kitu. Anakuita "mkubwa", anajua umekwama wapi kabla hujasema, na ana bei. Huyu kishoka anaambiwa na nani kwamba faili langu limekwama? Jibuni hilo kwanza.

Sasa hoja yangu ni hii. Siku wananikamata sikujaza fomu yoyote ya kuomba jina langu liingizwe kwenye kumbukumbu. Waliniingiza wenyewe, bure, kwa dakika chache, vidole vyangu wakavishika wao kuvibonyeza kwenye karatasi. Aliyekuja kuomba shauri liondolewe ni mwendesha mashtaka wa Jamhuri, mbele ya hakimu wa Jamhuri, na mfumo wa alama za vidole ni wa polisi wa Jamhuri hiyo hiyo. Kwa nini mimi ndiye niwe tarishi kati yao? Uamuzi ukishasomwa, kwa nini karani asitume nakala moja polisi siku hiyo hiyo? Control number inasafiri kutoka taasisi hadi benki kwa sekunde, amri ya mahakama ndio ishindwe kuvuka barabara?

Msiniambie eti ni utaratibu. Katiba ibara ya 13(6)(b) inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike ana hatia. Kunyimwa kazi kwa kesi ambayo Jamhuri yenyewe iliitupa ni kutendewa kama nani? Halafu someni ibara ya 67(1)(c): anayetaka ubunge asiwe ametiwa hatiani kwa kukwepa kodi ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi mkuu. Mwaka wa sita, kwa kosa hilo, njia yake nyeupe. Huyo alitiwa HATIANI. Mimi sikutiwa hatiani hata kwa dakika moja, na hakuna mwaka ambao utafika kompyuta ile inisahau.

Na mimi nina nafuu. Wako waliokaa mahabusu kwa makosa yasiyo na dhamana, wanapelekwa mahakama ambayo haina mamlaka ya kuwasikiliza, wanaambiwa wasijibu chochote, wanarudishwa gerezani kusubiri upelelezi. Wengine wakifutiwa kesi wanakamatwa tena kabla hawajafika getini. Mwaka 2022 Bunge lilirekebisha sheria ili watu wasifikishwe mahakamani upelelezi ukiwa haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman ikampa Rais ripoti yake. Sawa, tunashukuru, lakini hayo yanahusu kuingia na kukaa ndani. Sisi tuliokwisha kutoka, nani anatufutia?

Kuna waliokiri mwaka 2019 kwenye zile kesi za uhujumu uchumi, wakarudisha fedha ili watoke. Walitoka kweli, lakini na hatia mgongoni. Na kwa hao angalau kuna msamaha wa Rais, ibara ya 45. Mimi nitasamehewa nini wakati sikuhukumiwa?

Najua majibu yanayokuja. "Tafuta wakili." Wakili wa nini, kesi haipo! "Samehe songa mbele." Nisonge wapi, viza inataka cheti.

Ninachofikiria sasa ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria ya 2022 inampa mtu haki ya kutaka taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe, na "shauri liko mahakamani" ni taarifa isiyo sahihi, nina mhuri wa mahakama unaosema hivyo. Nimeshaandaa barua kwa mkuu wa kitengo cha alama za vidole, nakala kwa Tume na kwa ofisi ya mashtaka ya mkoa. Naipeleka kwa mkono Jumatatu na kitabu cha kusainiwa, atakayeipokea aandike jina na cheo.

Aliyewahi kufutiwa kumbukumbu ya kesi iliyoondolewa aseme hapa: mkoa gani, barua iliandikwa na nani, ilichukua muda gani. Wanasheria mliomo humu, kama kuna amri naweza kuomba Mahakama Kuu iwalazimishe, nielekezeni inavyoanzwa. Na wewe unayejiandaa kuja PM kuniambia una mtu ndani, hifadhi bando lako.