Naomba ushauri: kadi ya mtandao inanyamaza kwenye FreeBSD

Wakubwa, niko Lubumbashi, Kamalondo. Ordinateri inayogawa intaneti kwenye siba yetu (cyber café) inatumia FreeBSD, mfumo endeshi wa bure kama Linux. Wateja wakiwa wachache, hakuna shida. Wakijaa na kuanza kupakua video, kadi iliyo kwenye ubao mama inanyamaza, na skrini inaandika "watchdog timeout", yaani kadi imechelewa mno kujibu. Nikiishusha kwa amri ya ifconfig na kuipandisha tena inarudi, kisha inakufa upya. Kebo nimebadilisha, switchi pia. Lakini nikiwasha Linux kutoka flashi, mashine ileile inabeba mzigo wote, ndiyo maana nashuku draiva (programu inayoendesha kadi) kuliko kadi yenyewe.

Kuhamia Linux sitaki: sheria zangu zote za ulinzi ziko kwenye pf, programu ya ukuta wa moto, na naipenda kwa dhati. Draiva za kadi za Intel, em na igb, najua zimo tayari ndani ya FreeBSD. Shida ni kwamba kadi lazima niiagize Afrika Kusini, ipite mpaka wa Kasumbalesa, na pesa hapa ni ya kuhesabu.

Kuna aliyezima TSO na LRO (mipangilio ya kugawa na kuunganisha vipande vya data) akapata nafuu ya kudumu? Au ninunue kadi ya Intel i210 moja kwa moja? Na nitaitambuaje ya kweli na ya kuiga, kabla sijalipa?