Faini ndani ya tramu ya Berlin kwa tiketi isiyogongwa muhuri

Swali: Ndugu zangu, jana mkaguzi aliyevaa nguo za kiraia alinitoza euro 60, ingawa nilikuwa na tiketi niliyoinunua kituoni, ila sikuigonga muhuri. Je, nikate rufaa?

Jibu la 1: Pole sana. Tramu za Berlin hazina vizuizi mlangoni, na muhuri ndio unaoonyesha saa ulipoanza safari, kwa hiyo tiketi isiyogongwa huhesabiwa kuwa haipo. Hata hivyo, andika malalamiko ukiambatisha nakala ya tiketi.

Jibu la 2: Barua za kampuni ya usafiri usizipuuze hata kidogo. Kifungu cha 265a cha sheria ya jinai ya Ujerumani, kilichotungwa mwaka 1935, huruhusu kifungo cha hadi mwaka 1 kwa anayekwepa nauli makusudi, na maskini wanaoshindwa kulipa faini ya mahakama huishia gerezani, jambo ninaloliona kuwa la kikatili.