Mrejesho: desimali za SymPy na mlinganyo wa cos x = x

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini SymPy (maktaba ya Python ya kufanya hesabu kwa alama) inanitolea desimali ndefu badala ya sehemu kama 1/3, na kwa nini solve, amri yake ya kutatua milinganyo, inagoma kwenye cos x = x.

Aliyesema niandike Rational(1, 3) badala ya 1/3, asante sana! Kumbe Python ilikuwa inageuza sehemu kuwa desimali kabla SymPy haijaiona. Sasa majibu yanatoka kamili. Ule mlinganyo nimeutatua kwa nsolve, amri inayotafuta jibu la kukadiria kwa namba, nikianzia kukisia 1, nikapata 0.739085.

Kilichoshindikana ni integrali ya x^x kuanzia 0 hadi 1. Simplify (amri ya kurahisisha) niliyoshauriwa haikusaidia, inarudi vilevile nilivyoiandika. Nimeishia kwa evalf, amri inayotoa thamani ya desimali, nikapata 0.783431, na kwa kazi yangu inatosha. Mbarikiwe sana.