Kusugua benchi la mabingwa au kuhama ukacheze: binti akiondoka, ni tamaa?

#1
Wakuu, tujadili hili bila matusi. Aprili 2025 MiLaysia Fulwiley, binti anayecheza mpira wa kikapu wa vyuo Marekani, aliaga Chuo Kikuu cha South Carolina akaenda LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana), mahasimu wao wa ukanda uleule wa SEC, yaani kundi la vyuo vya kusini mashariki mwa Marekani. Ni mtoto wa Columbia, mji ambao chuo chenyewe kipo. Msimu wake wa mwisho pale alikuwa wa pili kwa ufungaji kwenye timu, na SEC ikampa tuzo ya mchezaji bora anayetokea benchi. Dakika zake kwa mechi hazikufika 20. Mpaka leo kuna mashabiki wanamwita msaliti.

Mimi nasema hakukosea hata kidogo. Ile tuzo naiona kama peremende anayopewa mtoto asilie.

Hesabu ni nyepesi. Mechi ya wanawake vyuoni Marekani ni robo nne za dakika kumi. Watano uwanjani, kwa hiyo kocha ana dakika 200 za kugawa. Ukiwa na watu 15, kila mmoja angepata 13 na ushei, ila hakuna kocha anayegawa dakika kama pilau ya msibani. Nane au tisa wanakula, waliobaki wanashika taulo na kupiga makofi.

Dawn Staley, kocha wa South Carolina, ndiye aliyefanya benchi kuwa silaha. Fainali ya vyuo ya 2024 kule Cleveland, wapinzani wao Iowa walianza 10–0, na nyota wao Caitlin Clark peke yake akafunga pointi 18 robo ya kwanza. Nilidhani imeisha. Staley hata hakuhangaika, akaanza kuingiza watu. Tessa Johnson, binti wa mwaka wa kwanza, akatoka benchi na kufunga 19. Jumla benchi lake lilileta pointi 37, benchi la Iowa sifuri. Matokeo 87–75, msimu wa ushindi 38 bila kufungwa hata mechi moja. Kombe zuri, sikatai. Lakini anayelilipia ni binti anayeweza kuanza timu yoyote nyingine, akakaa pale akingoja dakika ya saba.

#2
Mwanzisha mada, umemtazama nyota tu. Waulize TCU, chuo cha Texas. Januari 2024 waliumia mmoja baada ya mwingine hadi wakashindwa kupeleka timu uwanjani: wakawapa Kansas State na Iowa State ushindi wa mezani. Chuo kikatangaza majaribio kwa wanafunzi wa kawaida, wakapatikana wanne, mmoja katokea voliboli! Mwaka mmoja kabla, UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) waliahirisha mechi na chuo cha DePaul kwa sababu waliokuwa wazima hawakufika saba. UConn, si timu ya mtaani. Goti halipigi hodi, mkuu. Wale mnaosema wanashika taulo ndio msimu wenyewe, siku ikifika.

Na hakuna aliyemfungia Fulwiley mlango. Alipochagua South Carolina alijua anaenda kwa Staley.

#3
Mimi nilikuwa kwenye orodha ya 12 wa mkoa, mashindano ya shule za sekondari, zamani kidogo. Mashindano mazima nilicheza dakika nne, zote mechi ambayo tulishafungwa. Kila usiku nilifua jezi ambayo haikuwa na jasho, maana nilikuwa naona aibu kuirudisha kwenye mfuko ikiwa safi mbele ya wenzangu. Kwa hiyo akina #2 mnaposema "subira", hewala, ila mjue mnaongelea nini.

#4
Sisi Wakenya tuna mfano unaowachanganya wote wawili. Madina Okot alitoka chuo cha Zetech cha hapa kwetu akaenda Mississippi State kule Marekani, akawa anaanza na kufunga zaidi ya pointi kumi kwa mechi. Nafasi ilikuwa yake. Mwaka 2025 akaiacha, akaenda wapi? South Carolina hiyohiyo, penye foleni! Ndugu zangu wengi hapa Nairobi walisema amepotea. Halafu Chloe Kitts wa timu hiyo akaumia goti kabla ya msimu, Ashlyn Watkins naye akawa nje msimu mzima, na Okot akaanza. Sasa huyo alikuwa na tamaa au subira? Mimi naona alichagua mazoezi. Ukipambana kila siku na wachezaji wa kiwango hicho, unakua hata usipoonekana kwenye runinga.

#5
Mnazunguka, hela ndiyo mada. Zamani ukihama chuo ulikaa nje mwaka mzima. Tangu 2021 unahama mara moja bila adhabu, na tangu 2024 unahama utakavyo, mradi masomo yako sawa. Tangu Julai 2021 unauza jina lako kwenye matangazo. Sasa vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa michezo yote, msimu wa 2025/26. Hakuna anayetengeneza tangazo na mtu aliyevaa koti la benchi. Dakika ni mtaji. Kocha anahama akiongezewa mshahara na tunampongeza, binti akihama tunamsomea risala ya uaminifu.

#1
#5 umenisemea. #2, kwa TCU nakupa, sina jibu. Ila usilifanye benchi refu kuwa kinga. Fainali ya Aprili 6, 2025, Tampa, South Carolina hao hao wenye watu wengi walifungwa 82–59 na UConn. Azzi Fudd 24, Sarah Strong 24, Paige Bueckers 17: watu watatu, pointi 65. Na #4, Okot aliukuta mlango wazi kwa sababu wawili walikosekana. Wangekuwepo wote, tungeongea mengine.

Siku ile ya Tampa Fulwiley alianzia benchi kama kawaida. Mwezi haukuisha, akawa wa LSU.