Anaimba "ba be bi bo bu" lakini hawezi kusoma neno

MamaIgoma: Habari zenu wakuu. Binti yangu yuko Darasa la Kwanza, silabi anaziimba zote, ila nikimwandikia "baba" anakwama. Nyumbani tunaongea Kisukuma. Darasani wamejaa mno. Nianzie wapi?

ChakiNyeupe: Salama dada. Amekariri wimbo huyo, herufi haziangalii. Mpime: andika bu, ba, bo, be, bi ovyo ovyo, kisha gusa "bo". Akilazimika kuanzia "ba" ndipo aifikie, rudi kwenye sauti za herufi. Kata boksi la sabuni vipande vya ukubwa wa kiganja, andika herufi ndogo kwa makapeni. Anza na irabu tano, fuata m, k, t, l, n. Tamka "mmm", usiseme "em", maana em na a haziungani kuwa "ma". Kwa herufi hizo tu anapata mama, kuku, moto, kalamu, mkate. Na tafadhali b na d zisije wiki moja: umbo ni lile lile limegeuzwa, atazichanganya muda mrefu.

DarasaLaAwali: Kisukuma msikiache hata kidogo, msimulieni hadithi kwa lugha hiyo. Shida ni pale anaposoma neno la Kiswahili asilolijua, hawezi kujua kama amepatia. Kwa hiyo aone kitu na kukitaja kwanza: sato, dagaa, kasia. Halafu apige makofi kwa silabi, bila karatasi. Sa-ma-ki, matatu. M-to-to, matatu pia, m inasimama peke yake. M-tu-mbwi vilevile, "mbwi" haikatwi. Wengi huku huandika "mutoto", kwa kuwa Kisukuma husema "munhu" pale Kiswahili kinaposema "mtu". Makofi husaidia sana hapo. Kwa r na l, weka kadi za "kura" na "kula", tamka moja, aichague.

MamaIgoma: Asanteni. Baba yake anataka asome saa nzima kila jioni.

ChakiNyeupe: Hapana dada, ataichukia kadi. Dakika 15 zinatosha, kabla giza halijaingia: kadi tano za zamani, mbili mpya, basi. Akikwama, hesabu kimoyomoyo hadi tano. Usimtajie neno, funika silabi zinazofuata kwa kidole, afunue moja moja. Na muulize mwalimu wiki hii wako herufi gani, kadi zako zifuate hizo.